Mvua ya Mjini Haijazi Bwawa

Aprili 2018 wakazi wa Nairobi walikuwa na malalamiko mawili yasiyopatana hata kidogo. Barabara ya Mombasa ilikuwa imegeuka mto, magari yakikesha kwenye msongamano, na mitaa ya mabondeni watu walikuwa wakikumba maji sebuleni kwa ndoo. Katika nyumba hizo hizo, ukifungua bomba hupati kitu. Mgao wa maji ulioanza Januari 2017 ulikuwa bado unaendelea, na wahusika walisema wazi kwamba hautaondolewa kwa sababu tu mji umefurika. Watu walicheka kwa hasira, wakauliza mvua yote hii inakwenda wapi.

Ilikuwa ikinyesha mahali pasipohusika. Maji ya bomba ya Nairobi hayatoki Nairobi. Tone linaloanguka Westlands au Embakasi hukimbilia mitaroni, huingia mto Nairobi na taka zake, na habari yake huishia hapo. Tone linaloanguka kwenye msitu wa milima ya Aberdare, juu ya mashamba ya chai ya Gatanga katika kaunti ya Murang'a, ndilo lenye nafasi ya kufika jikoni kwa mtu wa Buruburu. Mwaka ule mvua iliulowesha mji kwanza, mlima ukasubiri zamu yake. Ilipofika huko, bwawa la Ndakaini, linalokusanya maji hayo, lilipanda haraka na makelele yakaisha.

Katika muda wote huo alitukanwa waziri, akatukanwa gavana, kampuni ya maji ndiyo usiseme. Wale ambao kazi yao ni kuishi na bwawa, kulipima, kulikata majani na kuamua leo litoe kiasi gani, hakuna aliyewataja. Ninawaandikia hao, kwa sababu kadiri ninavyosoma habari za mabwawa ndivyo ninavyoamini kwamba kujenga ukuta ndiyo sehemu fupi ya kazi. Sehemu ndefu haina utepe wa kukata.

Historia yenyewe haihitaji maneno mengi. Mji ulioanza mwaka 1899 kama kituo cha reli ulitegemea kwanza chemchemi za Kikuyu. Zilipozidiwa, likajengwa bwawa la Ruiru, dogo, la mita za ujazo zisizozidi milioni tatu. Mwaka 1956 likaja Sasumua, upande wa Njabini, na mwaka 1968 ukuta wake ukainuliwa ili libebe takriban milioni 16. Mwaka 1994 likakamilika Ndakaini, ambalo katika vitabu vya serikali huitwa bwawa la Thika: mita za ujazo milioni 70, ukuta wenye kimo cha mita 65, mito mitatu ikiliingia, Thika, Githika na Kayuyu. Ukichukua mabwawa yote ya zamani ukayajumlisha, hayafikii theluthi moja ya hili. Ndiyo maana Ndakaini likikohoa, Nairobi nzima hulala hoi.

Ukuta wa bwawa la namna hii si zege tupu kama wengi wanavyodhani. Ni tuta. Ni udongo na mawe yaliyopangwa kwa matabaka, kila tabaka likishindiliwa kwa rola kabla ya linalofuata kumwagwa, udongo ukiwa na unyevu wa kadiri: ukiwa mkavu mno haushikani, ukiwa na maji mno huteleza chini ya mashine. Katikati huwekwa udongo wa mfinyanzi usiopenyeza maji kwa urahisi. Nyuma yake hupangwa mchanga na kokoto za ukubwa maalumu, zinazoyaruhusu maji yapite bila kuondoka na chembe za mfinyanzi. Mchanga huo hauonekani tena milele baada ya ujenzi, na hakuna mgeni rasmi atakayeusifu, lakini mhandisi wa mabwawa ukimuuliza ni kitu gani kinachomfanya alale usingizi, atakutajia huo.

Maana kila tuta la udongo huvuja. Si kasoro, ndivyo lilivyo. Kinachotafutwa ni kujua linavuja kiasi gani, wapi, na maji ya rangi gani. Chini ya ukuta, upande wa nje, maji yaliyopenya hukusanywa katika mfereji na kupitishwa kwenye kizuizi chenye pengo la pembetatu, ncha yake ikiwa chini. Mtu husoma kimo cha maji katika pengo hilo, na kimo humpa kiasi. Akiona kiasi kimeongezeka wakati bwawa nalo limepanda, huandika na kuendelea na safari yake. Akiona kimeongezeka na bwawa halijapanda, hasogei kwanza. Na akiona maji yaliyokuwa maangavu yameingia ukungu, hata kama ni kidogo kuliko jana, hiyo ndiyo habari ya kumwamsha mkubwa wake usiku, kwa sababu maji ya matope yanamaanisha ukuta umeanza kutoka na kuondoka, punje kwa punje.

Kwa hiyo kuna kazi ya kutembea. Majani ya ukutani hukatwa yawe mafupi, na sababu si urembo: penye majani marefu huwezi kuona alama ya unyevu mahali pasipostahili unyevu. Miti hairuhusiwi kuota hapo, kwa kuwa mzizi ukishaoza huacha njia. Fuko naye ni adui anayeheshimiwa, kwa tundu lake. Nguzo ndogo zilizosimikwa juu ya ukuta hupimwa mara kwa mara ili ijulikane tuta limeshuka milimita ngapi. Haya yote huingia daftarini, na thamani ya daftari iko katika kuchosha kwake. Kurasa elfu zisizo na jambo ndizo zinazomwezesha mtu kulitambua jambo siku linapotokea. Mlinzi wa bwawa aliyekaa mahali pamoja miaka mingi ana maarifa ambayo huwezi kuyanunua kwa zabuni, na ninashangaa jinsi tunavyowahamisha watu hawa kana kwamba ni makarani wa kawaida.

Ndani ya maji umo mnara wa kuchotea. Nao una milango katika vimo mbalimbali, na kuchagua mlango ni elimu yake peke yake. Maji ya juu hupigwa na jua, na humo ndimo mwani hustawi. Maji ya chini kabisa ni baridi na hayana hewa ya kutosha. Hukaa na tope, huyeyusha chuma na manganizi, yakifika bombani huacha madoa ya kahawia kwenye nguo nyeupe. Mengi ya maji mazuri yako katikati, lakini katikati haikai mahali pamoja. Bwawa likishuka, mlango uliokuwa wa katikati juzi huwa wa juu leo. Baada ya mvua kubwa, mto huingia na udongo mzito ambao huzama na kutambaa chini, na mtu mwenye uzoefu hupanda mlango mmoja kabla tope halijamfikia. Akichelewa, kiwanda cha kusafisha maji cha Ngethu kitalazimika kutia shabu zaidi kulituliza tope hilo, na bili ya shabu itapanda.

Hata hivyo, ustadi ninaouhusudu zaidi ni wa kutofungua. Ndakaini haliupelekei mji maji moja kwa moja. Maji yake hupita katika mahandaki chini ya vilima, huungana na yale ya mito Kiama na Kimakia, na hatimaye huingia mto Chania, ambako huchukuliwa pale Mwagu na kupelekwa Ngethu. Mito hiyo ina maji yake yenyewe. Mhandisi kila asubuhi hujiuliza mto peke yake umeleta kiasi gani, na bwawa huombwa kujaza pengo tu. Siku ambayo Chania imejaa, bwawa linapaswa kufungwa hata kama nalo limejaa pomoni na maji yanametameta. Bwawa ni la siku ambayo mto hautoshi.

Hesabu yake ni nyepesi kuandika. Toa mita tano za ujazo kila sekunde, na umetoa 432,000 kwa siku. Gawanya milioni 70 kwa hizo, unapata siku 162. Miezi mitano na ushei, kwa sharti kwamba mto haukuleta hata tone, na kwamba unaweza kukomba mpaka tope la mwisho, jambo ambalo huwezi. Kutoka mwisho wa vuli hadi masika ya kweli kuna miezi mitatu hivi. Kwa hiyo vuli ikifanya kazi yake, hakuna kisa. Vuli ikikosa, kama ilivyokosa mwishoni mwa 2016, mtu aliye bwawani lazima aamue Desemba jambo ambalo litajulikana kama lilikuwa sawa mwezi wa Mei. Akianza mgao mapema na mvua ikaja kwa wakati, ataambiwa aliwatesa watu bure. Asipoanza na mvua ikachelewa, hakuna wa kumtetea. Mgao wa Januari 2017 ulianza katika hali hiyo, masika yaliyofuata yakawa hafifu, na ule uamuzi uliolaaniwa ndio ulioufikisha mji mwaka 2018 ukiwa na kitu bombani, ijapokuwa kwa zamu.

Kuna ugumu mwingine ambao magazeti huupita. Bonde ni pana juu na jembamba chini, kama faneli, kwa hiyo kimo na kiasi haviendi pamoja. Bwawa lililoshuka mpaka nusu ya kimo chake halina nusu ya maji; lina sehemu ndogo zaidi, pengine robo au chini yake. Kila mita unayoshuka ina maji machache kuliko iliyotangulia, na ndiyo maana mwisho wa kiangazi bwawa huonekana kukimbia. Anayelitazama kutoka barabarani husema jana palikuwa na maji, leo wameyapeleka wapi. Mwenye jedwali la vimo na ujazo alijua tangu mwezi uliopita.

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya bwawa huoza. Jua huichukua kutoka juu, na mashapo huila kutoka chini: kila mvua inapoosha shamba la mteremkoni, udongo ule hutua katika nafasi iliyojengwa kwa mkopo ili ikae maji. Hapa mlinzi wa bwawa hana mamlaka yoyote, kwa sababu mwenye mamlaka ni mkulima wa viazi au chai aliye juu yake, mwenye ekari moja kwenye mteremko mkali, ambaye hajawahi kunywa maji ya Ndakaini. Mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa Machi 2015, ulitokana na hesabu hiyo. Waanzilishi wake walikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumika huko juu, kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, majani ya kulishia ng'ombe yaliyopandwa kwa mistari na vidimbwi vya mkulima vya kuvunia mvua, faida ingefika dola milioni 21.5 katika miaka 30. Kampuni ya maji imo ndani, kampuni ya kuzalisha umeme imo, hata watengeneza bia wamo. Ninaipenda fikra hii kwa sababu mkulima hapewi hotuba. Anapewa nyasi ambazo ng'ombe wake atakula kesho, na bwawa hufaidika pembeni. Sijui njia nyingine inayodumu.

Upande wa pili kuna maji mengi kupita kiasi. Kila bwawa lina utoro, njia ya zege ambayo maji ya ziada hupitia ili yasivuke juu ya tuta. Tuta la udongo likivukwa, huliwa kutoka mgongoni kwa muda wa saa chache. Mei 2003 mafuriko yaliuharibu utoro wa Sasumua, na kwa miaka iliyofuata bwawa hilo halikuweza kubeba maji yake yote. Mji uliokuwa na kiu ulilazimika kuliacha nusu kwa hofu ya kulipoteza zima. Ukitaka kujua ni hofu ya nini, kumbuka Solai, Nakuru, Mei 2018, wakati ukuta wa bwawa la shamba binafsi ulipopasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Mwezi huo huo ambao Nairobi ilikuwa ikiombea bwawa lijae.

Sasa fedha. Ndakaini lilijengwa kwa mikopo, Benki ya Dunia ikiwa mbele, na mkopo wa namna hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni huku bili za maji zikilipwa kwa shilingi. Tangu sheria ya maji ya 2002, iliyoandikwa upya 2016, mwenye kujenga na mwenye kuuza si mmoja: wakala wa serikali hujenga na kubeba deni, kampuni ya kaunti huendesha na kukusanya bili, na chombo cha udhibiti huidhinisha bei. Mpango huu una mantiki yake. Lakini katikati ya hawa wote kuna mtu anayehitaji rangi ya kupaka mlango wa chuma, grisi, na mafundi wa kufungua vali ambayo haijafunguliwa mwaka mzima ili kuhakikisha haijaganda. Ombi lake ni dogo mno kuwa mradi na halimpi kiongozi picha. Kwa hiyo husubiri.

Kuanzisha bwawa jipya ni rahisi kuliko kutunza la zamani, hata lisipomalizika. Bwawa la Itare, huko Kuresoi, lilisimama 2018 mkandarasi wake kutoka Italia alipoingia katika matatizo ya fedha. Bwawa la Kimwarer likafutwa na rais mwaka 2019. Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ni jambo kubwa kweli: mita za ujazo milioni 688, karibu mara kumi ya Ndakaini, kwa fedha nyingi za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ujenzi ulianza 2018. Sina ugomvi na Thwake. Ukambani imesubiri vya kutosha. Ninachouliza ni kama katika hesabu zake mna mstari wa yule mtu wa grisi, na kama mstari huo hauwezi kuhamishwa.

Na kuna bwawa lililofichika ardhini chini ya Nairobi yenyewe. Uwezo wa mfumo wote wa mji kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa takriban mita za ujazo 525,000 kwa siku. Katika hizo, kiasi cha asilimia 40 au zaidi hupotea: mabomba yaliyopasuka, mita zilizokufa, viungo vya wizi. Hiyo ni zaidi ya 200,000 kwa siku. Handaki jipya la Northern Collector, kilomita 11.8 chini ya vilima vya Murang'a, lilibuniwa kuleta 140,000. Yaani tumechimba mlima kutafuta maji machache kuliko yale tunayoyamwaga baada ya kuyasafisha kwa gharama. Fundi anayetembea usiku na kifaa cha kusikilizia bomba, akitafuta mlio wa maji yanayovuja, ni ndugu wa damu na mlinzi wa bwawa, na pengine yeye ndiye angeleta zaidi kwa kila shilingi.

Handaki hilo lina mambo mengine. Huchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyaingiza Ndakaini. Yote ni ya bonde la Tana, na mto Tana humwaga Kipini. Nairobi iko bonde la Athi, ambao ukifika pwani huitwa Sabaki. Maji yaliyozaliwa kwenda Garissa na Garsen, yakishanywewa na kuogewa Nairobi, huingia baharini kaskazini ya Malindi, mwendo mrefu kusini ya mahali yalikoelekea. Mvuvi wa Kipini hakuulizwa. Watu wa Murang'a walijiuliza wenyewe, kwa sauti: gavana wao wa kwanza, Mwangi wa Iria, alidai robo ya mapato ya maji yanayotoka kwao, na mwaka 2016 handaki likawa suala la siasa za taifa, wapinzani wakisema Murang'a itageuka jangwa. Wahandisi walijibu kwamba litachukua maji ya mafuriko tu, na kwamba mto utabaki kwanza na haki yake.

Inawezekana wako sahihi. Kizuizi cha mtoni hujengwa kwa namna ambayo maji ya kiangazi hupita kwenye tundu la chini kwenda zake, na handaki hupata kile kinachopanda juu ya kiwango kilichowekwa. Ni ubunifu mzuri, na ukiendeshwa kwa uaminifu utamdai mhandisi afunge mlango mwezi wa Februari, Nairobi ikipiga kelele, kwa sababu ubao wa vipimo kwenye mto Irati umesema hapana. Anayefanya hivyo anastahili heshima kuliko aliyechimba. Lakini mkulima aliye chini ya mto hawezi kuona ndani ya kichwa cha mhandisi. Anaweza kuona ubao, ukisimikwa mahali anapochotea maji, mstari mwekundu ukionyesha kiwango cha haki yake, na vipimo vya kila siku vikibandikwa ofisini kwa chifu. Gharama yake ni mbao, rangi, na mshahara wa mtu mmoja wa kuandika kila asubuhi, na ingefaa iwekwe kwenye bili zetu sisi tunaokunywa.